Sukari Ilikuwa Ndani ya Sufuria

Najua niliahidi kuandika kuhusu kuweka nakala za akiba za hifadhidata, na ahadi ni deni. Lakini kuna mradi mwingine ulionila karibu mwaka mzima. Ulianza kama programu ya simu ukaishia jikoni kwa Mama, na leo nataka kuusimulia. Wale waliokuja kwa ajili ya hifadhidata wanivumilie. Wakifika mwisho wataona kwamba hatukwenda mbali.

Kwa mgeni anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mtunzi wa programu, nina miaka 28, nilisomea sayansi ya kompyuta, na kazi naifanyia nyumbani, upande wa Navakholo, kaunti ya Kakamega. Nyumbani tuko watano: Baba, Mama, mimi, mdogo wangu ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa, na binamu yetu mmoja. Ukitoka mjini Kakamega kuja kwetu utaona miwa kushoto na kulia. Na sisi pia tunayo, ekari mbili. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Mambo yalianza Februari 2024. Serikali ilikuwa imezindua, Septemba 2023, mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, na kila mmoja akapewa begi lenye vifaa, kikiwemo kipimo cha sukari ya damu. Wa kijijini kwetu ni jirani, mama mmoja mcheshi sana. Alipita asubuhi kabla hatujanywa chai, akamwambia Mama alete kidole. Kipimo kikasoma 6.6.

Nilifanya kama afanyavyo kila mtu wa kompyuta: nikafungua simu kutafuta maana yake. Kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu chini ya 6.1 kuwa ni kawaida, na 7.0 kwenda juu kuwa ni kisukari. Katikati ndipo alipokuwa Mama. Hajaugua, lakini amesimama mlangoni.

Hospitalini wakampima kipimo kingine kiitwacho HbA1c. Hiki nimekipenda, ngoja nikieleze. Sukari inayozunguka kwenye damu hujibandika kwenye himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu. Chembe hizo huishi siku kama 120, kwa hiyo ukipima kiasi kilichojibandika unapata picha ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kwa sisi watu wa seva, kipimo cha kidole ni kuangalia mzigo wa seva sekunde hii, lakini HbA1c ni wastani wa kumbukumbu zote za robo mwaka. Huwezi kuidanganya kwa kufunga jana usiku. Kisukari huanzia asilimia 6.5, na kati ya 5.7 na 6.4 ni eneo la tahadhari. Mama alipata 6.3.

Pengine mahali pengine namba hiyo ingepita tu. Kwetu haikupita, kwa sababu Senje, dada yake Baba, ana kisukari cha miaka mingi, na mwaka 2022 alikatwa vidole viwili vya mguu. Tulimwona akijifunza kutembea upya akiwa na zaidi ya miaka 60. Mama ndiye aliyekuwa akimwosha kile kidonda. Siku ile tukirudi kutoka hospitalini, Mama alikaa kwenye matatu akiwa ameufumba mkoba wake kwa mikono miwili, hakusema neno mpaka tukashuka.

PROGRAMU ILIYOITWA KIJIKO

Daktari alisema apunguze sukari, aongeze mboga, apunguze uzito kidogo, atembee. Nami nikasema moyoni: sukari? Hilo ni tatizo la data. Wikiendi mbili baadaye nilikuwa nimeandika programu ya Android niliyoiita Kijiko. Kitufe kimoja kikubwa, ukikibonyeza kinaongeza kijiko kimoja. Hifadhidata ya SQLite, grafu ndogo ya wiki, na rangi nyekundu ukizidisha. Nilijivuna nayo, siwafichi.

Tatizo la kwanza ni kwamba Mama anatumia kabambe. Tatizo la pili ni kwamba Baba ana simu ya kisasa lakini anaitumia kwa M-Pesa na taarifa ya habari, basi. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba kila jioni nitauliza mmoja mmoja, "Leo umeweka vijiko vingapi?" nami nitajaza.

Baada ya wiki moja grafu ilikuwa nzuri ajabu. Nyumba nzima, watu watano, vijiko 9 kwa siku! Nikaanza kujiuliza kama yule daktari alituelewa vizuri.

Kisha Mama akanituma dukani: "Sukari imeisha, leta kilo mbili."

Nilisimama. Ile pakiti nilikuwa nimeileta mimi mwenyewe, siku saba zilizopita. Kilo mbili ni gramu 2,000. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Yaani pakiti moja ni vijiko 500, na ukigawanya kwa siku 7 unapata vijiko 71 kwa siku. Programu yangu inasema 9. Kila siku vijiko 62 vinapotea ndani ya nyumba hii na hakuna aliyeviona!

Aliyewahi kutafuta hitilafu usiku wa manane anaijua hisia hiyo. Kwanza unamshuku mtumiaji. Nilimshuku mdogo wangu, halafu nikamshuku binamu. Hata sisimizi niliwashuku.

Jibu nililipata kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, nilipoingia jikoni kuchaji simu. Mama alikuwa anapika chai. Maziwa na maji kwenye sufuria, majani ya chai, kisha akachukua kopo la sukari akamimina. Hakupima, aliinamisha kopo tu, kama alivyofanya kila siku tangu nizaliwe. Chai ikachemka, ikachujwa kwenye chupa, ikaja mezani ikiwa tayari imeshakuwa tamu.

Hakuna aliyenidanganya. Nilikuwa nauliza "umeweka vijiko vingapi kwenye kikombe" katika nyumba ambayo hakuna mtu anayeweka sukari kwenye kikombe. Vile vijiko 9 vilikuwa vya uji, na vya mdogo wangu anayeongeza juu ya utamu. Hitilafu ilikuwa kwenye swali langu.

Nilinunua mizani ya jikoni mjini Kakamega nikamwomba Mama, kabla ya kumimina kwenye sufuria, amimine kwanza kwenye bakuli. Asubuhi gramu 120. Jioni gramu 124. Jumla gramu 244, yaani vijiko 61. Ongeza vile 9, hesabu inakaribia kabisa kufunga.

Sasa linganisha. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 unasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko kama 12, na asilimia 5 ni gramu 25, vijiko kama 6. Sisi tulikuwa kwenye gramu 57 kwa kila mtu kwa pakiti ile peke yake, kabla ya soda, mandazi na keki za sherehe.

KUITOA SUKARI KWENYE MSIMBO

Wanaoandika programu watanielewa haraka. Kuna thamani unazoziandika moja kwa moja ndani ya msimbo, na kuna zile unazoziweka kwenye faili ya mipangilio ili kila mtumiaji abadilishe apendavyo. Sukari ya kwetu ilikuwa imeandikwa ndani ya msimbo. Mtu hata akitaka kupunguza, atapunguzaje? Chai inamfikia ikiwa imeshaamuliwa. Mama mwenyewe, ambaye ndiye mgonjwa mtarajiwa, alikuwa anakunywa utamu uliopimwa kwa ulimi wa watu watano.

Kwa hiyo pendekezo langu lilikuwa dogo sana: chai ichemshwe bila sukari, sukari iwekwe mezani kwenye bakuli, kila mtu ajipimie. Sikusema mtu yeyote apunguze.

Mama alikubali. Baba alikataa.

"Chai isiyo na sukari ni maji ya kuoshea vikombe," alisema. Kisha akaniangalia. "Na hiyo sukari unayoipiga vita ndiyo iliyokusomesha."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu ni kweli. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na kwa miongo kadhaa miwa ndiyo iliyokuwa benki ya wazazi wa upande huu. Miwa ya kupanda hukaa shambani miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa, kwa hiyo mzazi anapanga karo kwa kuhesabu misimu ya miwa. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye zile ekari mbili. Kompyuta yangu ya kwanza, ya mitumba, pia ilitoka hapo.

Halafu mambo yakageuka. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Ilikodishwa kwa mwekezaji mwishoni mwa 2021. Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa katika viwanda vya magharibi kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyobaki mashambani ilikuwa michanga, na mwaka huohuo kilo moja ya sukari ikapita shilingi 200 madukani. Fikiria mkulima wa miwa anayesimama dukani akihesabu sarafu ili anunue sukari. Baba alikuwa mmoja wao. Katika miezi ile kulikuwa na nyumba zilizokunywa chai bila sukari kwa kukosa, na kila mtu alijua ni zipi.

Kwa hiyo Baba aliposikia "chai bila sukari" hakusikia afya. Alisikia majirani wakisema, "Kwa wale wameishiwa." Huku kwetu mgeni hapewi chai ya kuonja onja, hupewa chai nzito yenye maziwa na utamu, ndipo ajue amekaribishwa.

Tulikaa wiki tatu bila muafaka. Mama alikuwa anapika sufuria mbili, ndogo yake na kubwa ya wengine, na kuni zinaliwa. Aliyeleta suluhu ni Mama, si mimi. Alimwambia Baba, "Mgeni akija nitamwekea bakuli la sukari limejaa, mbele yake, na kijiko. Akitaka vijiko kumi atie. Je, hapo nimemnyima?"

Baba akafikiri. Mgeni anayewekewa bakuli zima la sukari hawezi kwenda kusema mwenye nyumba ameishiwa. Akakubali, lakini "kwa majaribio".

YALIYOFUATA

Wiki ya kwanza nilidhani tumeshindwa. Kila mmoja alijitilia kama mtu anayelipiza kisasi. Nilikagua nikagundua kijiko cha bakuli kilikuwa kile kikubwa cha kulia wali. Tukaweka cha chai. Pakiti ya kwanza baada ya mageuzi ilikaa siku 9. Iliyofuata, siku 12.

Ulimi hujifunza polepole. Mimi nilikuwa napunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na kufikia mwezi wa tatu chai ya vijiko vitatu ilikuwa inanikera. Mama alitia tangawizi kwenye sufuria ili chai iwe na kitu cha kusema, na hiyo ilisaidia kuliko hotuba zangu zote.

Baba alikaa kwenye vijiko vyake vinne mpaka Mei. Siku moja alimpeleka Senje kliniki, kwa sababu mguu ulikuwa umeanza kumsumbua tena. Walirudi jioni. Hakutueleza aliyoyaona huko. Chai ilipokuja alitia kijiko kimoja, akakoroga kwa muda mrefu, akanywa. Hakuna aliyesema kitu, na Mama alinikanyaga mguu chini ya meza ili nami nisiseme.

Senje ndiye aliyetuletea mjadala wa sukari nguru. Huku kwetu inapikwa kutokana na miwa, ina rangi ya kahawia, na watu husema ni ya asili kwa hiyo haina madhara. Wengine wanasema hivyo kuhusu asali. Jamani, WHO inapohesabu sukari hizi inahesabu na asali na maji ya matunda yaliyokamuliwa. Sukari nguru kwa sehemu kubwa sana ni sukari ileile ya miwa ambayo haijasafishwa. Mwili haujali rangi. Ukibadilisha sukari nyeupe kwa nguru kwa kiasi kilekile, umebadilisha jina la faili, yaliyomo ni yaleyale. Tunda zima ni jambo tofauti, maana sukari yake imefungwa ndani ya nyuzinyuzi na huingia kwenye damu taratibu.

Baada ya chai tukaanza kuona mengine. Soda ya mililita 300 huwa na gramu kama 32 za sukari, vijiko 8, kwa hiyo tukaiacha kwa siku za sherehe. Mandazi ya asubuhi yakapisha nduma, viazi vitamu na mahindi ya kuchemsha. Mkate mweupe nao huwa glukosi haraka ukishaliwa, hata kama hauna utamu mdomoni, ndiyo maana daktari alisisitiza mboga zijae nusu ya sahani.

Na mboga je, si ndizo zilizotuzunguka? Mrenda, kunde, managu, saga, mito: vitu ambavyo nilipokuwa Nairobi nilivinunua kwa bei ya kuumiza, hapa vinaota nyuma ya jiko. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia miaka mingi kutafiti mboga hizi za kienyeji na kuonyesha ubora wake kwa lishe. Bibi zetu walizijua bila maabara. Tulikuwa tumezishusha hadhi tu, tukawa tunazila siku pesa zimeisha. Ugali wa wimbi na mtama nao umerudi, ingawa ukubwa wa kipande cha Baba haujapungua na sidhani utapungua. Vita vingine unavikwepa.

MATOKEO, BILA CHUMVI

Pakiti ya kilo mbili ilifika siku 15 mwezi Agosti, na siku 19 mwezi Oktoba. Siku 19 kwa watu watano ni gramu 21 kwa mtu, vijiko 5 na ushei. Novemba 2024 Mama alirudi hospitalini: HbA1c 5.8.

Kabla hamjapiga makofi: bado ni eneo la tahadhari, na daktari anataka apimwe kila mwaka. Tena Mama alipungua kilo nne na alikuwa anatembea kwenda sokoni badala ya kupanda boda, kwa hiyo siwezi kusema sukari peke yake ndiyo iliyofanya kazi. Mambo matatu yalibadilika kwa pamoja, na kila mtafuta hitilafu anajua huwezi kuyatenganisha kwa kubahatisha. Halafu Krismasi ikaja na binamu kumi na mmoja, na pakiti ikaisha kwa siku nne. Januari tukaanza upya, bila lawama.

Miwa bado iko shambani. Sijamwambia Baba aing'oe na sina nia hiyo. Mtu anaweza kuuza kitu bila kukinywa vikombe vitatu kwa siku. Ila ameniomba nimkadirie nusu ekari ya managu na kunde za kuuza mjini ingempa nini kwa msimu mmoja. Nimemtengenezea jedwali. Anaendelea kulitazama.

Nilichojifunza kama mtunzi wa programu ni hiki. Nilitaka kubadilisha watu watano, kila siku, mara nyingi kwa siku, kwa kuwahesabia na kuwaonyesha rangi nyekundu. Kilichofanya kazi ni kubadilisha mahali pamoja ambapo sukari ilikuwa ikiingia. Kabla ya kumlaumu mtu kwa kukosa nidhamu, fuatilia kwanza jambo lenyewe linaingilia wapi, na nani aliyeliamua kabla halijamfikia. Mara nyingi utakuta hakuna aliyeamua. Ni kopo tu linaloinamishwa kila asubuhi.

Ukitaka kujaribu kwako, usianze na programu. Anza na pakiti: andika juu yake tarehe uliyoifungua, na ikiisha gawanya gramu kwa siku na kwa watu. (Na kama una mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, muulize daktari kabla ya kubadilisha mlo wake ghafla, kwa maana sukari kushuka mno nayo ni hatari.)

Kijiko nimeifuta kwenye simu zote. Badala yake Mama anayo kalamu ya wino imefungwa kwa uzi kwenye kabati la jikoni, naye ndiye anayeandika tarehe kwenye kila pakiti mpya. Hiyo ndiyo hifadhidata yetu. Haihitaji umeme, haijawahi kukwama, na nakala ya akiba... naam, hilo ndilo deni langu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.